Gramu Thelathini na Tatu

Mama mkwe aliyaona makovu siku ya nne baada ya mtoto kuzaliwa. Aliingia bafuni bila kubisha, taulo mkononi, akamkuta mke wa mwanawe amesimama kwenye beseni kifua wazi, naye akaganda palepale kama aliyepigwa na shoti. Kila titi lilikuwa na mstari uliozunguka chuchu, ukashuka wima, kisha ukalala chini kwa mapana mfano wa nanga. Miaka saba ilikuwa imeufifisha, lakini jicho la mama yule halikuwa la kupitwa na kitu. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na minane, na alikuwa na uwezo wa kunusa simu iliyofichwa ndani ya godoro.

"Hayo ni nini?"

"Makovu, mama."

"Macho ninayo. Makovu ya nini?"

"Nilifanyiwa operesheni. Matiti yalikuwa makubwa mno, wakayapunguza."

Mama mkwe alilitundika taulo kwenye msumari, taratibu, akalinyoosha pembe. "Yaani ulikwenda kwa miguu yako mwenyewe ukawaambia wakukate ziwa?"

"Kwa miguu yangu mwenyewe."

"Na mwanangu anajua?"

"Anajua tangu kabla hatujaoana."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Habari ya kukatwa angeweza kuimeza, lakini ya kufichwa haikupita kooni. Alitoka akaacha mlango wazi, na dakika chache baadaye, maji yakiwa bado yanamchuruzika mgongoni, mkwewe alimsikia sebuleni akizungumza kwa simu na binti yake kwa sauti ya kuhutubia paredi: "Kumbe ndiyo maana mtoto halali! Ni maganda matupu yale! Walishachota vyote!"

Huyo aliyesemwa kwenye simu, kazini kwake walimwita Chaki. Alikuwa mkata vitambaa katika karakana ya sare: ovaroli za mafundi, makoti ya wahudumu wa hospitali, mashati ya walinzi. Meza yake ilikuwa na urefu wa mita nane, na juu yake kitambaa kilitandazwa tabaka juu ya tabaka hadi arobaini, kisha yeye akachora kwa chaki na kupitisha mashine ya kukatia. Kosa la nusu sentimita juu ya meza ile ni mashati arobaini yenye mkono mmoja mfupi. Jina la Chaki alilipata kwa sababu mbili. Ya kwanza ilisemwa mbele yake: kipande cha chaki hakikumtoka nyuma ya sikio hata akienda chooni. Ya pili ilisemwa kisogoni: zamani, akiinama kuchora upande wa mbali wa meza, kifua kilitangulia, kikalala juu ya kitambaa na kufuta mistari aliyokwisha kuichora. Msimamizi alikuwa akipiga kelele kutoka mwisho wa ukumbi, "Umefuta tena!" na karakana nzima ikaangua kicheko. Naye alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa ameshajifunza kucheka kabla ya wengine ili kicheko kiwe chake.

Yasiyochekesha hakumwambia mtu. Mabegani alikuwa na mifereji iliyochimbwa na mikanda ya sidiria, mirefu kiasi cha kulaza kidole. Mgongo ulimuuma, na shingo ilimkaza hadi akawa anageuka mwili mzima kama lori. Siku za joto, ngozi ya chini ya matiti ilichubuka ikatoa maji. Wanaume waliomuuliza njia waliuliza kifua chake. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokimbia.

Alipofika miaka ishirini na minne alikata shauri. Daktari wa upasuaji alimweleza bila kumzungusha. "Kisu kinapita palepale inapopita mirija ya maziwa. Nitaiacha chuchu ishikane na nyama yake, lakini siwezi kukuahidi kwamba utakuja kunyonyesha. Huenda ukanyonyesha, huenda usinyonyeshe, huenda ikawa nusunusu."

"Na mgongo?"

"Mgongo nakuahidi."

Akasaini. Walimtoa gramu mia saba kulia na mia sita arobaini kushoto. Miezi mitatu baadaye alilala kifudifudi kwa mara ya kwanza tangu akiwa darasa la saba, akalia kwenye mto kwa raha. Hakujuta siku ile wala iliyofuata, na hata baadaye hakujuta, ingawa waliokuja kumtaka ajute walikuwa wengi na walikuwa na bidii.

Mume alimpata akiwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa fundi lifti, mtu mpole aliyeweza kukaa saa tano ndani ya lifti iliyokwama bila kupandisha sauti. Mara ya tatu walipokutana, Chaki alimweleza habari ya upasuaji kabla chai haijapoa, ili kama ni kukimbia akimbie mapema. Fundi alifikiri kidogo akasema, "Lifti ikizidiwa uzito inapiga kengele. Wewe uliisikia kengele ukashusha mzigo. Kosa liko wapi?" Kwa maneno hayo alimpata. Tatizo ni kwamba ustahimilivu wake wa kukaa kwenye lifti alikuwa nao hata nyumbani: ugomvi ukianza, alinyamaza na kutulia akisubiri umeme urudi.

Mtoto alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili, binti, amejikunja mviringo kiasi kwamba baba yake alimwita Kifungo, na jina likakaa. Mama yake Chaki alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyekuja kusaidia, na sanduku la nguo za miezi miwili. Siku tatu za mwanzo mambo yalikwenda. Maziwa ya mwanzo yalitoka, ya manjano, mazito, hasa kushoto, na Kifungo aliyalamba kwa pupa. Siku ya nne makovu yakaonekana. Siku ya tano na ya sita mtoto alinyonya, akalia, akanyonya, akalia, na nepi zake zikawa nyepesi kuliko zilivyopaswa.

Siku ya saba Chaki alimpeleka kliniki. Nesi wa zamu, dada mmoja mwenye kucha ndefu na haraka nyingi, alimweka mtoto kwenye mizani, akatazama kadi, akatazama mizani tena. "Mbili, mia nane arobaini. Mama, mtoto wako anakonda. Unamnyonyesha?"

"Kila saa mbili. Lakini nilipunguzwa matiti, miaka saba iliyopita, kwa hiyo nilitaka kuuliza—"

"Ulipunguzwa?" Nesi aliweka kalamu chini. Chumba kilikuwa na kina mama wengine sita, na wote wakageuza shingo. "Ulikata matiti kwa ajili ya urembo, sasa unakuja kuniuliza maziwa yako wapi? Huko ulikoyaacha si ndiko ungeuliza?"

Mmoja wa kina mama alicheka kwa pua. Masikio ya Chaki yalishika moto. "Nimekuja kupimiwa mtoto," alisema. "Sikuja kupimwa mimi."

"Usinijibu hivyo."

"Wewe ndiye uliyeuliza hivyo."

Sauti zilikuwa zimepanda kiasi cha kuvuka ukuta, na mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Akatoka mwanamke mfupi, mnene, miwani imeshikizwa kwa plasta, mkunga wa siku nyingi ambaye hata madaktari walimpisha kwenye korido. Hakuuliza nani ana kosa. Alimnyooshea Chaki kidole. "Wewe. Njoo na mtoto. Na nesi, punguza redio."

Chumbani kwake hakukuwa na huruma, kulikuwa na mizani nzuri. Alimpima Kifungo na nguo zake zote, akaandika. Kisha akamwambia mama amnyonyeshe, akasimama juu yake kama askari wa barabarani, akirekebisha kidevu cha mtoto, akisikiliza mmezo kwa sikio lake mwenyewe. Dakika kumi na tano kushoto, kumi na tano kulia. Mtoto akajisaidia, na Chaki alipotaka kumbadilisha, mkunga akamzuia. "Usiguse nepi. Kilichoingia na kilichotoka vyote viko ndani ya nguo hizo. Ukimvua, umenivurugia hesabu." Kati ya titi moja na jingine alimpima tena, na mwisho tena.

"Kushoto, gramu ishirini na nne. Kulia, tisa. Thelathini na tatu."

Chaki alikuwa ameshaanza kulia. Thelathini na tatu ilikuwa chini ya kile alichohitaji mtoto.

"Usilie juu ya mizani yangu, itashika kutu," mkunga alisema. "Umesikia nilichosema? Thelathini na tatu. Sijasema sifuri. Kulia njia nyingi zilikatika, kushoto zimebaki, na nyingine huwa zinajiunga zenyewe mtoto anavyozidi kuvuta. Titi halijui habari za zamani, linajua mtoto anavuta au havuti. Lakini mtoto wako ana njaa leo, na hawezi kusubiri. Kwa hiyo atakula vyote viwili, na kwa wakati mmoja."

Alimwonyesha. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji yaliyochemshwa yaliwekwa kwenye kikombe. Mrija mwembamba wa plastiki, mwembamba kuliko utambi wa mshumaa, ncha moja ilizama kikombeni, ya pili ikabandikwa kwa plasta kando ya chuchu. Kifungo alishika titi, akavuta, na maziwa ya mama na ya kikombe yakaingia pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mtoto alimaliza, akaachia mwenyewe, mikono ikalegea kama mlevi.

"Nyumbani kuna nani?" mkunga aliuliza, akifunga mrija kwenye karatasi.

"Mume na mama mkwe."

"Mama mkwe wa namna gani?"

"Matroni mstaafu."

Mkunga alimtazama juu ya miwani. "Basi uchemshe mwenyewe, uoshe mwenyewe, uweke mahali unapopajua."

Mama mkwe alipouona ule mrija alipiga makofi ya mshangao. "Mnamfunga mtoto mipira kama gari linalonyonywa petroli!" Chaki alimweleza kwa utaratibu, jinsi mkunga alivyomweleza. Mama mkwe alisikiliza na kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akisikiliza visingizio vya wasichana waliochelewa kurudi bwenini. "Kama ni maziwa ya kopo, chupa zipo madukani. Mpe chupa ashibe, ufunge hiyo sidiria yako, yaishe. Huna maziwa. Unamtesa mtoto ili ujifurahishe."

"Ninayo. Ni kidogo."

"Kidogo ni jina jingine la hakuna."

Kwa wiki mbili nyumba ile ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, ilikuwa kama vita vya mtaa. Kila Chaki alipokaa kunyonyesha, mama mkwe alikumbuka kazi ya kufanya palepale: kufagia chini ya kiti, kukung'uta mto. Alisema na mtoto ili mama asikie. "Pole, bibi yangu. Pole. Wenzako wanalazwa kifuani, wewe unachomekewa waya." Kwenye ngazi alimweleza jirani wa chini, na wa juu, na yule wa mkabala ambaye hata salamu walikuwa hawajawahi kupeana. Wifi alituma ujumbe wa sauti, na mama mkwe akaufungua mezani watu wakila: "Mama, mwambie kaka siku nyingine akitaka kuoa akague kwanza mzigo." Fundi alitafuna, akameza, akasema, "Zima hiyo simu, mama." Hicho ndicho kilikuwa kikomo cha ushujaa wake.

Chumbani Chaki alimkalia kooni. "Mwambie aache."

"Ni mama yangu. Ana maneno tu, hana ubaya."

"Maneno ndiyo ubaya wenyewe. Unataka nini, ubaya mpaka uje na pembe?"

"Miezi miwili itaisha."

"Nitaisha mimi kwanza."

Mara moja mama mkwe alimpokonya mtoto kifuani, plasta ikabanduka na kipande cha ngozi, akamtia chupa mdomoni akiwa amesimama. Chaki alimfuata, akamchukua mtoto mikononi mwake bila neno, na bibi na mama wakabaki wanatazamana pua kwa pua, mtoto katikati akipiga kelele kama king'ora. Asubuhi moja mrija ulitoweka. "Nilidhani uchafu, nimeutupa," mama mkwe alisema, na hakujisumbua hata kuigiza majuto. Chaki alienda kliniki, akapewa mwingine. Cha ajabu ni kwamba katikati ya mvua hiyo ya mawe Kifungo alikuwa akinenepa. Wiki ya kwanza ya mrija aliongeza gramu mia moja tisini, ya pili mia mbili na kumi. Vifundo vya mikono vikaanza kupata mikunjo. Chaki aliibandika kadi ya kliniki kwenye mlango wa friji, mstari wa uzito ukielekea juu, na mama mkwe akawa anaifunika kwa kalenda kila akipita.

Jumamosi moja, saa nane mchana, Kifungo aliamka na njaa. Chaki alikwenda jikoni, akafungua chupa ya kioo alimohifadhi mrija ndani ya maji yaliyochemshwa. Mrija ulikuwamo. Ulikuwa vipande vitatu. Mfuniko ulikuwa umefungwa vizuri, maji ni safi, hakuna kilichomwagika, na hilo ndilo lililompandisha damu kichwani: aliyefanya vile alikuwa ametaka avikute.

Hakupiga kelele. Alimnyonyesha mtoto kushoto, akamnyonyesha kulia, kisha akampa maziwa ya kopo kwa kijiko. Nusu iliingia mdomoni, nusu shingoni. Ilimchukua saa nzima, na mtoto alilala kwa uchovu kabla hajashiba. Mama mkwe alikuwa sebuleni, anakunja nguo zilizokauka, anafyonya.

Fundi alirudi saa kumi, mikono inanuka grisi, kutoka kwenye jengo la ofisi ambako lifti iligoma tangu alfajiri. Chaki alikuwa ametandaza kitambaa cheupe kwenye meza ya kulia chakula, na juu yake vile vipande vitatu vimepangwa sambamba.

"Kaa," alimwambia mumewe. "Na wewe, mama, karibu ukae."

"Nasikia nikiwa nimesimama."

"Sawa. Kazi yangu ni kukata," Chaki alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya mezani kwake, kavu, ya kusoma vipimo. "Nakijua kilichochanika, nakijua kilichotafunwa na panya, nakijua kilichokatwa. Hivi vimekatwa. Mkasi wa kucha ungeacha mkato uliopinda. Mkasi wangu wa kazi uko karakana. Mkasi wa jikoni una pengo karibu na ncha, kila unapokata unaacha kijino. Tazama hapa. Kijino. Tazama na hapa. Mume wangu ametoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita mchana nimeutumia huu mrija, mzima. Humu ndani tulibaki watu wazima wawili, na mimi sikukata."

Fundi aliinama, akatazama kijino. Alikuwa mtu wa vyuma, alijua ushahidi unavyoonekana. "Mama?"

Wengine wangekana. Mama yule hakuwa wa kukana, na hata Chaki, kwa chuki yote aliyokuwa nayo, alimpa alama moja kwa hilo. "Nimekata," alisema. "Nimekata kama yeye alivyokata. Yeye alimkatia mtoto chakula chake kabla hajazaliwa, hakuna aliyemweka kikao. Mimi nimekata kipande cha plastiki, nawekwa kikao."

"Mama labda alikuwa na nia ya—" fundi alianza.

"Maliza," Chaki alisema. "Maliza hiyo sentensi. Nia ya nini?"

Fundi aliinama tena juu ya kijino.

"Nimenyonyesha watoto sita," mama mkwe alisema. "Sita! Hakuna hata mmoja aliyewekwa kwenye mizani kama sukari. Nilitoa titi, mtoto akala, basi. Huyu anaigiza. Anajibandika plasta ili watu waseme na yeye ni mama. Angalau ajute! Siku zote hizi sijamsikia akisema hata mara moja, jamani nilikosea."

"Hutasikia."

"Unamsikia?"

"Hutasikia, mama, hata ukikaa hapa miaka kumi. Mgongo ulikuwa wangu. Shingo ilikuwa yangu. Nikirudishwa nyuma leo, nikiwa namjua Kifungo na sura yake yote, nitakwenda kukata tena. Na nitamnyonyesha hiki nilichobaki nacho, na kisichotosha atakipata kwenye kikombe. Hayo ni mambo yangu na mtoto. Lakini leo mwanangu amelala na njaa, na aliyemlaza na njaa ni wewe."

Alisimama, akaenda chumba cha wageni. Alilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaanza kupanga nguo za mama mkwe. Alizipanga kama anavyopanga kazini: mikono ndani, mshono juu ya mshono, pembe juu ya pembe, kila blauzi ikapigwa kiganja kimoja kulainika. Hakuna sanduku lililowahi kupangwa kwa hasira nadhifu kama ile. Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unanifukuza kwenye nyumba ya mwanangu?"

"Nakufungashia. Wa kukufukuza yuko sebuleni, ana ulimi wake."

Wote wawili wakamtazama fundi. Alikuwa amesimama kati ya meza na mlango, kipande kimoja cha mrija kidoleni, anakizungusha. Chaki aliamini kwamba mumewe angekaa vile hadi umeme urudi. Kisha akakiweka chini kile kipande.

"Mama, mtoto amekosa chakula chake leo," alisema. "Twende, nitakusindikiza kwa dada."

Alilibeba sanduku mwenyewe ghorofa tatu hadi chini. Mama mkwe hakuaga. Kwenye ngazi alisikika akimweleza jirani wa chini kwamba ametupwa nje kama maji ya kuoshea vyombo, na jirani akisema lo, lo, kwa kila neno.

Fundi aliporudi hakuleta amani. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, viatu miguuni. "Ungeweza kusubiri hata kesho."

"Na mtoto naye asubiri kesho?"

"Umenigombanisha na mama yangu."

"Mama yako alichukua mkasi. Mimi nimefungua chupa tu."

Siku nne walizungumza habari za nepi peke yake. Siku ya tano alirudi na mkasi mpya wa jikoni, usio na pengo, akauweka juu ya meza bila maelezo. Chaki hakujua kama lile lilikuwa ombi la radhi au kejeli, na alipouliza, mumewe alisema hata yeye hajui vizuri. Ule wa zamani waliutupa.

Jumatatu, siku mbili baada ya ugomvi, mkunga alikuwa amempa mrija wa tatu. "Huu nao umekwenda wapi? Panya?"

"Matroni."

Mkunga alicheka hadi miwani ikamteleza, akaongeza mmoja wa akiba.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, Chaki alirudi karakana, na uvumi ulikuwa umemtangulia kwa njia unazozijua wenyewe. Alimwomba msimamizi dakika ishirini asubuhi na ishirini mchana, za kukamua ndani ya stoo ya vitambaa. Msimamizi, yuleyule wa "umefuta tena", aliegemea kiti. "Dakika ishirini za nini? Si nasikia humo hamna kitu?" Wawili watatu kwenye mashine za karibu walijitia hamnazo ili wasikie vizuri. Chaki alikwenda stoo, akakaa kati ya majora ya khaki, akakamua kwa mashine ndogo ya mkono hadi kiganja kikafa ganzi. Alirudi na chupa yenye maziwa ya vidole viwili, akaiweka juu ya karatasi za msimamizi, juu kabisa ya saini yake.

"Hicho ndicho kitu," alisema.

Alipewa dakika zake. Utani haukukoma, lakini ulihamia kwa mtu mwingine, fundi wa vifungo aliyeanza kuota kipara.

Titi la kulia lilikauka mwezi wa tano. Alilisikitikia siku moja, akaacha. La kushoto, kama mkunga alivyosema, lilijitahidi kadiri mtoto alivyozidi kulivuta: gramu arobaini, hamsini na tano, sabini. Mrija waliuacha Kifungo alipoanza uji. Kikombe na titi vikaendelea kila kimoja kwa zamu yake, na mtoto hakuonekana kujali kipi ni kipi mradi mama yake hakuondoka.

Mama mkwe hakuomba radhi. Alituma nguo za mtoto kupitia kwa mwanawe, zote kubwa kwa saizi mbili, na Chaki alizipokea na kuzifupisha bila kutuma salamu. Miezi kumi ilipita kabla hawajakaa chumba kimoja. Ilikuwa kwa wifi, Jumapili, fundi alikuwa amebembeleza wiki nzima, na Chaki alikubali kwa sharti kwamba wakae saa moja kwa saa ya ukutani.

Wifi alileta chai, akakwepa macho. Mama mkwe aliomba mjukuu. Chaki alimpa, kwa sababu alikuwa ameahidi, na akabaki amekaa mbele kidogo ya kiti chake. Kifungo alimkagua bibi yake uso mzima. Alimvuta hereni. Kisha, kwa kuwa ilikuwa imefika saa yake, akatia mkono wote ndani ya blauzi ya bibi hadi kwenye kiwiko, akapekuapekua, akafungua mdomo na kuanza kulia kwa kudai.

Kikombe cha wifi kiligonga sahani. Fundi alitazama saa ya ukutani.

"Mtoto huyu," mama mkwe alisema, akijaribu kuutoa ule mkono uliokuwa umeshika imara, "nani kamzoesha mambo haya?"

"Mimi," Chaki alisema.

Alinyanyuka, akamchukua binti yake, akarudi kitini kwake, akafungua vifungo viwili vya juu. Hakujifunika kwa khanga wala hakugeukia ukuta. Kovu lilionekana, na mtoto akalishika titi la kushoto, akavuta, na mmezo ukasikika chumba kizima, mmoja, wa pili, wa tatu. Mama mkwe alilitazama kovu, akautazama mdomo wa mtoto. Akaomba aongezewe sukari kwenye chai.

Saa moja ilipotimia Chaki alisimama na kuaga.